Stelingi alipozeeka, Tabora hatukujua

Ubao uliegemezwa kwenye shina la mwembe, maeneo ya Ng'ambo, mjini Tabora. Kila adhuhuri mwenye kibanda cha video aliufuta kwa tambara lililolowa maji, akaandika upya kwa chaki ratiba ya siku: saa 8 KOMANDO, saa 10 VANDAME, saa 1 usiku SIGO MPYA. Jina la picha halikuandikwa, na hakuna aliyeliuliza. Ukishajua stelingi ni nani, umeshajua kitakachotokea: atachokozwa, atavumilia, halafu kuna watu watavunjwa mikono.

Kiingilio kilikuwa sarafu moja ya shilingi 200, ile yenye simba wawili. Ndani kulikuwa na giza la magunia yaliyopigiliwa misumari kuziba madirisha, mabenchi yasiyo na egemeo, runinga ya inchi 21 juu ya meza ndefu, na harufu ya jasho iliyochanganyika na ya karanga za kukaanga. Jina la kibanda umiza halikutungwa bure. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2000, nami nilikuwa miongoni mwa walioumizwa migongo humo. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba ile Sigo mpya tuliyoipangia foleni ilitengenezwa bila hata kukusudiwa kuingia kwenye kumbi za sinema za kwao.

Huyo tuliyemwita Sigo ni Steven Seagal. Alianza mwaka 1988 na Above the Law, akafika kileleni mwaka 1992 na Under Siege, ile ya mpishi wa meli ya kivita. Baada ya hapo mteremko ukaanza. The Patriot ya mwaka 1998 ilirukishwa kumbi za Marekani, ikapelekwa moja kwa moja kwenye mikanda ya video. Exit Wounds ya 2001 ikamrudishia pumzi kidogo, lakini mwaka uliofuata Half Past Dead haikurudisha hata gharama zake. Kuanzia 2003 mlango ukafungwa, akawa mtu wa mikanda na DVD. Hapo ndipo alipofanya kazi kama kiwanda: mwaka 2005 peke yake zilitoka Submerged, Into the Sun, Today You Die na Black Dawn. Picha nne kwa mwaka, kwa mtu aliyevuka miaka 50 na ambaye mwili wake ulikuwa umeshakataa kurusha teke.

Biashara yenyewe ni nyepesi kuieleza. Stelingi akishachuja, jina lake halichuji kwa kasi ileile. Mtayarishaji analichukua jina, analiweka kwenye bango pamoja na bunduki na moto nyuma yake, anazunguka nalo kwa wanunuzi wa nchi mbalimbali kabla kamera haijawashwa. Fedha za wanunuzi ndizo zinazotengeneza picha. Waliouzoeza ulimwengu mchezo huu ni binamu wawili kutoka Israeli, Menahem Golan na Yoram Globus, walioinunua kampuni ya Cannon mwaka 1979. Kwao ndiko alikotoka Chuck Norris wa Missing in Action, Michael Dudikoff wa American Ninja, na Van Damme wa Bloodsport. Cannon ilipodondoka wengine wakarithi mbinu, wakahamishia kamera kwenye nchi ambako mafundi na majengo ni rahisi: Bulgaria, Romania, Afrika Kusini.

Afrika Kusini hiyo ina kisa chake. American Ninja ya pili na ya tatu, za 1987 na 1989, zilipigwa kule wakati makaburu wangali madarakani. Red Scorpion ya Dolph Lundgren ilipigwa Namibia iliyokuwa bado chini ya Pretoria, na jeshi la makaburu likasaidia kwa zana. Ndiyo miaka ambayo Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru wa ANC makazi Mazimbu na Dakawa, na sisi shuleni tunaimba nyimbo za ukombozi. Jioni tunalipa kiingilio kumwona ninja. Hakuna aliyetuambia zile nyasi tunazoziona nyuma yake ni za wapi, na nina hakika hata mwenye kibanda hakuwa na habari.

Mikanda ilifikaje Tabora? Kwa njia ileile iliyofikisha kila kitu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, waliukuta mji ambao misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika, ikagawana mizigo: mwingine unaelekea Ujiji, mwingine Karagwe na Buganda. Reli ilipofika mwaka 1912 iliufuata mkondo huohuo, ikafika Kigoma 1914 na Mwanza 1928, na stesheni ya Tabora ikabaki kuwa njia panda. Mkanda wa Kariakoo ulishuka hapa ndani ya begi la mfanyabiashara. Uliooneshwa wiki mbili Gongoni na Isevya ulipakiwa tena kwenda Urambo na Kaliua, au ukapanda treni ya Mwanza hadi Isaka. Ulipofika Ujiji ulikuwa umeshaliwa na deki kiasi kwamba sura ya stelingi ina mistari ya mvua.

Kabla ya hapo miji ya reli ilikuwa na kumbi zake za sinema, na kuanzia mwaka 1968 Shirika la Filamu, TFC, ndilo lililoshika uagizaji wa picha. Runinga Bara hatukuwa nayo, ingawa Wazanzibari walikuwa na yao ya rangi tangu miaka ya sabini. Mlango ulilegezwa mwaka 1984, wenye fedha zao walipoanza kuruhusiwa kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akaingia Ikulu, akapewa jina la Mzee Ruksa. Deki za video zikaingia na ruksa hiyo. Stesheni za runinga Bara zilianza mwaka 1994, kwa hiyo kwa karibu miaka kumi kizazi kizima kilimjua Rambo kabla ya kumjua msomaji wa taarifa ya habari. Jina hilo hata lilihamia kwenye plastiki: mfuko wa nailoni wa sokoni tuliuita mfuko wa rambo, na ukadumu kuitwa hivyo mpaka Juni 1, 2019, Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo. Hapo tu ndipo Rambo alipouawa kweli.

Lakini nguvu ya kibanda haikuwa kwenye deki. Ilikuwa kwenye sauti. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alianza kwa kufasiri picha papo hapo mbele ya watazamaji, kisha sauti yake ikaingizwa kwenye mikanda iliyosambaa nchini. Lufufu hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, akaongeza, akakosoa, akampa adui jina la mtaani, akaeleza mambo ya Marekani kana kwamba yanatokea Manzese. Wengine wakamfuata. Kenya wana DJ Afro, Uganda VJ Jingo. Wanyamwezi wa misafara walikuwa na kirangozi, mtu wa mbele anayeanzisha wimbo ili mzigo usiwe mzito; mimi humwona mfasiri wa picha kuwa ndugu yake wa mbali.

Na mzigo ulikuwa mzito. Chukua Attack Force ya mwaka 2006, iliyopigwa Romania. Ilianza ikiwa hadithi ya viumbe kutoka sayari nyingine. Baada ya kupigwa ikabadilishwa mezani, viumbe wakaondolewa, ikawa hadithi ya dawa za kulevya. Kwa kuwa maneno ya awali hayakuendana tena na hadithi, sehemu nyingi sauti ya Seagal ilifutwa, akawekewa ya mtu mwingine isiyofanana na yake hata kidogo. Wapenzi wake wa Marekani walikasirika, na walikuwa na haki. Sisi hatukuwa na la kukasirikia. Sauti ya Seagal tulishaibadilisha zamani, na ya kwetu ilikuwa tamu zaidi. Picha iliyovunjika vipande mikononi mwa walioitengeneza, mfasiri aliiunga kwa Kiswahili ikasimama.

Jambo la pili lililomwokoa stelingi ni mpangilio, au tuseme kukosekana kwake. Mmarekani aliyemfuata Seagal mwaka hadi mwaka alimwona akinenepa, akipunguza hatua, akihamia kwenye koti jeusi refu lisilovuliwa hata jua liwe kali. Sisi tuliletewa vyote kwa mkupuo. DVD zilipoingia, zile za picha 20 ndani ya sahani moja, Hard to Kill ya 1990 ilikaa jirani na Flight of Fury ya 2007. Saa 8 Seagal ni mwembamba na nywele zimefungwa nyuma. Saa 10 ni mzee mnene. Usiku amekuwa kijana tena. Nani angesema amezeeka? Flight of Fury yenyewe ni hadithi ya Black Thunder ya 1998 iliyorudiwa, ile ya ndege ya kivita iliyoibwa, na vipande vya ndege angani vimeokotwa huku na huku. Stelingi wa Black Thunder alikuwa Dudikoff, ninja wetu wa zamani. Watu walinung'unika kwamba picha hii tumeshaiona. Mwenye kibanda akaapa ni mpya. Wote wawili walisema kweli.

Sisemi tulikuwa mazuzu. Benchi la mbele lilikuwa na jicho kali. Stelingi alipoonekana kwa kisogo tu wakati wa kupigana, mtu alipaza sauti: huyo siye! Kibanda kizima kikacheka. Alipokaa kitini dakika kumi akiongea na simu, wakaanza kelele za peleka mbele, na mwenye rimoti akapeleka mbele. Kule Marekani picha mbovu iliandikiwa uhakiki, kwetu ilikatwa.

Siku hizi nikiwaza biashara hii, anayenijia ni Bruce Willis kuliko Seagal. Kati ya 2019 na 2022 jina lake lilibandikwa kwenye msururu wa picha za bei rahisi ambazo mara nyingi alipigwa picha siku chache tu. Watoa tuzo za kejeli za Razzie walimtengea kundi zima kwa picha zake nane za mwaka 2021. Machi 2022 familia yake ikatangaza kwamba anaugua ugonjwa unaomnyang'anya mtu maneno, na mwaka uliofuata ukatajwa kuwa ni aina ya shida ya akili. Razzie walishaifuta tuzo ile mara baada ya tangazo la kwanza. Nimezitazama baadhi ya picha hizo tena. Anakaa, anasema sentensi fupi, anaondoka. Safari hii sikuweza kupeleka mbele.

Kampala walichagua njia nyingine. Mwaka 2010, kwenye mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha zisizofika hata gharama ya koti la Seagal, akaweka sauti ya VJ Emmie, mfasiri, ndani ya picha yenyewe. Hawakungoja stelingi azeeke ndipo awafikie.

Vibanda vya Tabora bado vipo, ila ubao sasa umejaa Simba, Yanga na ligi ya Uingereza. Muvi zinawekwa kwenye flashi au simu, kila mtu anatazama yake kitandani, nyingi bila mfasiri. Mpwa wangu aliitazama Attack Force peke yake, kwa lugha ya asili ya picha, akaifuta kabla ya nusu saa. Akaniuliza: mjomba, mlikuwa mnapenda nini humu?

Mwezi wa tano uliopita nilipita kwenye majaruba ya mpunga nje ya mji. Wakulima wanafunga sahani za DVD kwenye kamba ili mng'ao ufukuze ndege. Nilishika moja iliyokuwa ikizunguka na upepo. Karatasi ya juu ilikuwa imebanduka nusu, lakini nywele zilizofungwa nyuma zilikuwa bado zinaonekana, na ndege wachache walikuwa wametua kwenye kamba hiyohiyo.