Mali bila daftari: Miaka mia ya kadi za besiboli na wezi wake

Mwanzoni mwa mwaka 2012, katika mji mdogo wa Defiance, jimbo la Ohio nchini Marekani, wanandugu walikuwa wakitoa vitu katika nyumba ya ukoo waliyorithi. Huko darini, chini ya nyumba ya mwanasesere iliyotengenezwa kwa mbao, wakakuta boksi la karatasi lililofunikwa na masizi. Ndani yake mlikuwa na kadi ndogo ndogo za wachezaji wa besiboli, zipatazo 700, zimefungwa mafungu kwa kamba. Zilikuwa za mwaka 1910 hivi, na rangi zake zilikuwa bado mbichi kana kwamba zimetoka kiwandani juzi. Kadi 37 za kwanza zilipopigwa mnada mwaka huohuo zilileta zaidi ya dola 500,000.

Boksi la karatasi halina kufuli. Lilikaa darini kwa karne nzima, na mwizi yeyote ambaye angepanda kule angelisogeza kwa mguu akatafuta kitu cha maana. Leo mkusanyaji mwenye kadi kama zile hathubutu kuzilaza nyumbani bila sefu, kamera na king'ora, na wengine hawazilazi nyumbani kabisa. Huzikodishia kasha benki. Hadithi ya namna kipande cha karatasi kilivyofika hapo inamhusu kila mtu mwenye kitu cha thamani ndani ya nyumba yake, hata kama hajawahi kuona mchezo wa besiboli.

Kadi hizi zilianza kama taka. Katika miaka ya 1880 makampuni ya sigara ya Marekani yalikuwa yakiweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya paketi laini ili sigara zisivunjike. Mtu akaona karatasi ile ikichapishwa picha, mvutaji atarudi kununua paketi nyingine. Wakachapa waigizaji, bendera, wanyama, na wachezaji wa besiboli. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitoa seti ya kadi zaidi ya 500, kila moja ikiwa na upana wa kiberiti na urefu uliokizidi kidogo. Watoto walisimama nje ya maduka wakiwaomba wanaume wawaachie kadi baada ya kufungua paketi.

Mmoja wa wachezaji wale, Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh, alikataa picha yake isitumike. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, uchapaji ulisimamishwa, na leo zinajulikana nakala 60 hivi tu. Mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Mtu aliyezipa kadi hizi jina alikuwa fundi wa kiwandani. Jefferson Burdick aliishi Syracuse, jimbo la New York, akiunganisha vifaa vya umeme kwa mikono iliyokuwa ikikakamazwa na baridi yabisi mwaka hadi mwaka. Hakuoa, hakuwa na mali, na mpira wenyewe haukumvutia sana. Alichopenda ni karatasi zilizochapishwa: kadi za sigara, kadi za posta, lebo za makopo, matangazo ya biashara. Wakati watu wakizitupa, yeye alizipanga. Katika katalogi aliyoianza miaka ya 1930 alizipa herufi na namba. T ikasimama kwa kadi za tumbaku za karne ya 20, na seti ile ya Wagner ikawa T206. Hadi leo duniani kote inaitwa hivyohivyo. Kadi ya Wagner aliiwekea bei ya dola 50, na wakati ule ilionekana bei ya kichaa.

Kuanzia mwaka 1947 Burdick alianza kuukabidhi mkusanyo wake kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York: vipande zaidi ya 300,000, na kati yake kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Baadaye alihamia mjini humo na kupewa meza katika idara ya picha zilizochapwa. Huko alikaa miaka, vidole vimejikunja, akibandika kadi moja baada ya nyingine kwenye kurasa za albamu na kuzipa kila moja mahali pake. Alimaliza Januari 1963, akaenda hospitali, na Machi mwaka uleule akafariki.

Wakusanyaji wa leo wakisikia habari za gundi ile hushika vichwa, kwa sababu kadi iliyobandikwa hupoteza bei sokoni. Mimi naona Burdick alijua zaidi yao. Kadi iliyobandikwa ukurasani, yenye namba, iliyoandikwa kwenye katalogi inayosomwa na kila mfanyabiashara, ni mali mbaya sana kwa mwizi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi yule wa Syracuse alijaza madaftari mpaka mikono ikamshinda.

Baada ya tumbaku zikaja chingamu. Kampuni ya Goudey ilitoa kadi zake mwaka 1933, na mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ikatoa seti kubwa ya kadi 407. Namba 311 ilikuwa kijana wa New York Yankees, Mickey Mantle. Kadi za mwisho za seti ile zilifika madukani msimu wa mpira ukiwa ukingoni, na hazikununulika. Zikajaa stoo miaka minane. Mwaka 1960 Sy Berger, aliyezibuni, alizipakia kwenye tishari akazimwaga katika Bahari ya Atlantiki, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye. Agosti 2022, Mantle mmoja aliyeokoka aliuzwa dola milioni 12.6.

Zilizobaki majumbani ziliondolewa na akina mama. Kijana akienda jeshini au chuoni, mama alisafisha chumba, na boksi la viatu lililojaa kadi likaishia jalalani. Vita vya Pili vya Dunia navyo vilikuwa vimekwishakusanya karatasi kuukuu nyumba kwa nyumba. Hivyo kilichofanya kadi ziwe adimu ni kwamba hakuna aliyeziona kuwa mali.

Kisha mwaka 1979 kikatoka kitabu cha bei. Mtaalamu wa takwimu, James Beckett, pamoja na mwenzake Dennis Eckes, walichapisha orodha ya kadi na thamani zake, na mwaka 1984 Beckett akaanzisha jarida la kila mwezi. Kwa mara ya kwanza mtoto, mjane, dalali na kibaka walisoma bei moja. Hapo ndipo ninapoona mlango ulipofunguka. Mwizi anayevunja nyumba hutafuta vitu vitatu: chepesi, cha bei, kinachouzika. Televisheni ya zama zile ilihitaji watu wawili kuibeba. Kadi tano zenye thamani ya gari zinaingia mfuko wa shati.

Mwaka 1991 kampuni ya PSA ilianza kupima kadi, kuzipa alama kuanzia 1 hadi 10 na kuzifunga ndani ya ganda la plastiki lenye namba yake. Kadi namba 1 kabisa ilikuwa Wagner iliyonunuliwa mwaka huo na mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000. Ikapewa alama 8. Baadaye dalali mkubwa wa minada, Bill Mastro, alikiri mahakamani kwamba aliwahi kuikata kingo ili ionekane mpya, na mwaka 2015 akafungwa miezi 20 kwa udanganyifu katika minada yake. Kwa hiyo namba hailindi kila kitu. Hata hivyo ilifanya jambo kubwa: kila kadi iliyofungwa ikawa na kitambulisho chake, na mwenye kuibiwa akawa na kitu cha kuwaambia polisi.

Kwamba kumbukumbu zinaweza kusaidia kuifuatilia mali iliyoibwa, Maktaba ya Umma ya New York ni shahidi. Mwaka 1921 ilipokea mkusanyo wa A. G. Spalding, mchezaji aliyegeuka mfanyabiashara: picha, barua na nyaraka za karne ya 19. Mwaka uliofuata maktaba ikachapisha orodha ya vilivyomo. Katika miaka ya 1970 vitu vingi viliibwa, barua kwa barua, picha kwa picha. Mwaka 2009 barua alizoandikiwa Harry Wright, kocha wa zama za mwanzo, zilipojitokeza kwenye mnada, FBI waliingia kuchunguza. Orodha ile ya mwaka 1922, iliyoandikwa wakati hakuna aliyewaza wizi, ndiyo iliyowapa watu pa kuanzia.

Ukitaka kuona mali isiyorudi, tazama pete za Yogi Berra, nguli wa besiboli wa New York Yankees. Oktoba 2014 wezi walivunja makumbusho yake Little Falls, New Jersey, wakachukua pete zake tisa za ubingwa na ngao zake mbili za mchezaji bora. Berra alikuwa hai, ana miaka 89. Akafariki mwaka uliofuata bila kuziona. Watu tisa waliposhtakiwa mwaka 2023 ikafahamika kwamba pete zile, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja, ziliyeyushwa na dhahabu yake ikauzwa kwa dola 12,000 hivi. Inauma kuandika. Dhahabu ikiyeyuka haina kumbukumbu. Kadi haiyeyushwi, bei yake imo katika kubaki nzima, na ili iuzwe lazima aione mtu anayeijua. Hapo ndipo mwenye kadi ana nafasi ambayo mwenye pete hana.

Aprili 2024 jambo hilo lilionekana. Kifurushi cha kadi za zamani, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 2, kilitumwa kwenye hoteli moja mjini Strongsville, Ohio, kabla ya maonyesho ya wakusanyaji. Kikatoweka. Aliyekamatwa pamoja na mwenzake alikuwa mfanyakazi wa palepale hotelini: kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kila kadi ilikuwa imeorodheshwa, na habari zilienea kwa wafanyabiashara mara moja. Karibu zote zilirudi mikononi mwa wenyewe.

Na nyumba je? King'ora cha umeme kilipewa hataza mwaka 1853, kazi ya Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts: mlango au dirisha likifunguliwa, waya zinagusana, nyundo inagonga kengele. Edwin Holmes aliinunua haki ile akawauzia matajiri wa Boston na New York. Watu wa kawaida walibaki na kitasa na mbwa.

Aliyewafikiria alikuwa muuguzi mweusi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown. Zamu zake zilikuwa za saa zisizo na mpango, mumewe Albert, fundi wa vifaa vya umeme, naye mara nyingi alikuwa kazini usiku, na mtaani kwao polisi walichelewa kufika. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mfumo wao, wakaipata Desemba 1969. Mlango una matundu manne ya kuchungulia, moja juu ya jingine, kwa mtu mrefu hadi mtoto. Nyuma yake kamera inapanda na kushuka, na picha inatokea kwenye televisheni chumbani. Mama yuko kitandani, anamwona mgeni, anaongea naye kwa kipaza sauti. Akimjua, anabonyeza kitufe na mlango unafunguka. Asipomjua, anabonyeza kingine na walinzi wanajulishwa. Kamera za mlangoni zinazouzwa leo zimetoka katika wazo hilo. Jina la mama huyu lingestahili kutajwa kila zinapouzwa.

Wakusanyaji wenye uzoefu wameunganisha ulinzi wa Brown na daftari la Burdick. Sefu inafungwa kwa boliti sakafuni, kwa sababu sefu ndogo isiyofungwa hubebwa nzima pamoja na vilivyomo. Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi huwa na kikomo kidogo kwa vitu kama hivi, kwa hiyo hukatwa bima yake peke yake. Fundi wa bomba au mpaka rangi hapitishwi chumba chenye kadi. Na kila kadi hupigwa picha kwa karibu, mbele na nyuma, kwa sababu hata kadi mbili za aina moja hazifanani: moja ina doa la gundi, nyingine kona imelegea, picha ya tatu imechapwa ikielemea kushoto. Mwizi anaweza kuvunja ganda la plastiki na kutupa namba, lakini kona ile na doa lile vinabaki.

Huenda nyumbani kwako hakuna kadi hata moja. Pengine kuna stempu za babu, sarafu za zamani, picha za arusi ya miaka ya 1950, msahafu ulioandikwa kwa mkono, au sanduku la kanga ambazo bibi hakuzivaa akazitunza. Siku vitakapopotea, polisi watakuuliza vilikuwa vingapi na vinafananaje. Leo jioni fungua kabati, vitoe kimoja kimoja, upige picha ya mbele na ya nyuma, uandike kila kimoja kilitoka kwa nani, kisha nakala ya orodha hiyo umpe ndugu unayemwamini aiweke katika nyumba nyingine.