Kicheko Katika Hema la Majeruhi

Tarehe 25 Juni mwaka wa 1950, majeshi ya Korea ya Kaskazini yalivuka mpaka yakaingia Korea ya Kusini, na vita vikawaka mpaka Julai 1953. Mataifa mengi yalipeleka askari chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Hata Habeshi, jirani yetu wa kaskazini, ilipeleka wake. Nyuma ya mapigano Wamarekani walipiga mahema ya hospitali yaliyoweza kung'olewa na kupakiwa juu ya malori kila vita vilipohama. Majeruhi waliletwa kwa motokaa, au kwa helikopta ndogo zilizofungwa machela kwa nje, moja kila ubavu. Zamani askari aliyepasuka mshipa mkubwa wa damu mguuni mara nyingi aliupoteza mguu wenyewe. Huko Korea madaktari walijifunza kuishona mishipa hiyo, na miguu mingi ikaokoka.

Mmoja wa madaktari hao, Richard Hornberger, alitoa hadithi mwaka wa 1968 kwa jina la kubuni, Richard Hooker. Mwaka wa 1970 hadithi ikafanywa filamu, na Septemba 1972 ukaanza mchezo wa televisheni ulioitwa M*A*S*H, yaani herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya hospitali ya jeshi ya upasuaji inayohamahama. Siku hizo Marekani ilikuwa ingali vitani Vietnam. Mahema yalikuwa ya Korea, lakini huzuni ilikuwa ya watazamaji wenyewe.

Kulitokea ubishi. Kampuni ya CBS ilitaka kila mzaha ufuatwe na kicheko kilichonaswa katika mitambo, kama ilivyokuwa desturi ya michezo ya kuchekesha. Larry Gelbart, aliyeuandaa mchezo, hakukipenda. Mwisho wakapatana: kicheko kiwepo, ila kisisikike katika chumba cha kupasulia. (BBC ya Uingereza iliuonyesha bila kicheko chochote, nami naona ilifanya vema.) Jambo hili si dogo. Daktari Hawkeye Pierce, aliyeigizwa na Alan Alda, hutania hali mikono yake imelowa damu. Hafanyi hivyo kwa kudharau mauti. Anajizuia asilie kabla kazi haijaisha. Kicheko cha watu wasioonekana kingemgeuza mpumbavu.

Machi 1975 watazamaji waliona Luteni Kanali Henry Blake, mkuu wa hospitali, akipewa ruhusa ya kurudi kwao. Wenzake walimtania, wakamkumbatia, wakamsindikiza. Kisha karani kijana, Radar, akaingia katika chumba cha kupasulia akasoma habari: ndege ya Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyesalimika. Waigizaji wengi walifichwa ukurasa huo mpaka dakika za mwisho. Madaktari waliendelea kushona, vinyago usoni, machozi yakiwalenga. Watu wengi waliandika barua za hasira, kana kwamba vita vinawajibika kumrudisha kila mtu mwema nyumbani kwake.

Mchezo ulimalizika tarehe 28 Februari 1983, ukitazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 100. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu. Mchezo ulikaribia kumi na mmoja. Hospitali ya mwisho ya aina hiyo ilivunjwa mwaka wa 2006, baada ya kuwatibu walioumizwa na tetemeko la ardhi huko Pakistan, na mahema yake yakaachwa huko.