Hekalu Lililofichwa Chini ya London

Mji wa kale haupotei wote. Sehemu yake hulala chini ya mji uliopo. Ajengaye nyumba mpya hana budi kuchimba msingi, na mara nyingine hukuta msingi wa mtu aliyemtangulia. Ndivyo ilivyotokea London, mji ulioanzishwa na Warumi.

Katika Vita Kuu ya Pili mabomu yaliharibu mtaa wa Walbrook. Hata mwaka 1954 pakatakiwa kujengwa jumba kubwa la ofisi. Wachunguzi wa mambo ya kale, mkuu wao W. F. Grimes, wakatangulia kuchimba, wakafunua kuta za mawe. Tarehe 18 Septemba, kazi ilipokaribia kwisha, kikaonekana kichwa cha marumaru cha kijana aliyevaa kofia. Ndipo ilipojulikana kuwa ni hekalu la Mithras, mungu aliyeabudiwa kwa siri na askari na wafanya biashara wa Kirumi. Lilijengwa yapata mwaka 240.

Habari zikaenea, na watu maelfu wakapanga safu barabarani ili walione. Swali likawa zito, hata Baraza la Mawaziri likalijadili: jumba lisijengwe, au hekalu liondolewe? Kuzuia ujenzi kungaligharimu fedha nyingi mno. Basi mawe yakaondolewa. Mwaka 1962 yakapangwa upya mahali pengine, yapata mita 100 kutoka pale. Walakini kuta ziliunganishwa kwa saruji, si kwa chokaa ya Kirumi, na sakafu ikatandazwa mawe yasiyofanana na ya kwanza.

Jumba lile nalo likavunjwa baadaye, na kati ya miaka 2010 na 2014 wachunguzi wakachimba tena. Udongo wa pale umelowa kwa ajili ya kijito cha kale, na kwa kuwa hewa haiufikii, mbao na ngozi hazikuoza. Wakapata vibao vya kuandikia 405. Kimoja, cha tarehe 8 Januari mwaka 57, ni hati ya deni: Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru, akiri kuwa atamlipa Gratus dinari 105 kwa bidhaa alizouziwa.

Mwaka 2017 hekalu likafunguliwa tena karibu na mahali pake pa asili, mita 7 chini ya barabara, likiwa limeunganishwa kwa chokaa mfano wa ile ya kale.

Basi tuone jambo hili. Jembe la mjenzi ndilo lifunualo, na ndilo liharibulo. Mawe yaliweza kungoja zaidi ya miaka 60 yarudi kwao. Lakini kibao cha Tibullus, kama kingalitupwa pamoja na kifusi, kisingalirudi kamwe.