Shamba, Wodi na Kiwanda: Historia Fupi ya Jaribio na Istilahi Zake

Utangulizi

Mfasiri anayeletewa leo ripoti ya bwana shamba, kesho ya daktari, na kesho kutwa ya mhandisi, hugundua upesi kwamba fani hizi tatu zinasema lugha moja. Zote hutaja jaribio, sampuli, wastani, hitilafu na uwezekano. Huenda akadhani kwamba wataalamu hawa wameazimana maneno ovyo. Sivyo. Maneno hayo yanafanana kwa sababu yana asili moja, na asili hiyo ni utafiti tumizi, yaani utafiti unaofanywa ili kutatua shida maalumu ya watu, kama vile njaa, maradhi, upungufu wa nishati au ubovu wa bidhaa.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi jaribio la kisayansi lilivyosafiri kutoka shambani hadi hospitalini na kiwandani, kisha kuonyesha ni istilahi zipi za Kiswahili zinazohitaji kuangaliwa upya kwa sababu ya safari hiyo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi nchini imekuwa na chombo chake rasmi. Lakini istilahi haiwezi kusanifiwa vizuri pasipo kujua dhana yake ilizaliwa wapi na kwa haja gani.

Gurudumu la maji na shamba la ngano

Mnamo mwaka 1759 mhandisi Mwingereza John Smeaton alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya nguvu za maji na upepo. Alitengeneza kielelezo kidogo cha gurudumu la kinu, akapima maji yaliyoingia na kazi iliyotoka, huku akibadilisha jambo moja kila mara na kuacha mengine kama yalivyo. Alithibitisha kwamba gurudumu linalomwagiwa maji kutoka juu hufanya kazi kiasi cha mara mbili ya lile linalosukumwa na maji kutoka chini. Wajenzi wa vinu walikuwa wamebishana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu; vipimo vilimaliza ubishi.

Shamba, hata hivyo, si gurudumu. Mwaka 1843 John Bennet Lawes, akisaidiwa na mkemia Joseph Henry Gilbert, alianzisha majaribio ya mbolea huko Rothamsted, Uingereza. Ukanda mmoja wa ngano ulitiwa samadi, nyingine zikatiwa mbolea za chumvichumvi za aina mbalimbali, na mmoja haukutiwa chochote. Jaribio hilo linaendelea mpaka leo. Lakini lilikuwa na swali lisilojibika kwa urahisi: ukanda mmoja ukizaa zaidi ya mwingine, je, sababu ni mbolea, au ni udongo uliokuwa bora tangu mwanzo?

Jibu lilitolewa na Ronald Fisher, mwanahisabati aliyeajiriwa Rothamsted mwaka 1919. Katika vitabu vyake vya mwaka 1925 na 1935 alifundisha kanuni tatu. Kwanza, kila mbolea itiwe katika vipande vingi vya shamba, si kimoja; hayo ndiyo marudio. Pili, vipande vinavyofanana kwa udongo vikusanywe katika kitalu kimoja, ili vilinganishwe vyenyewe kwa vyenyewe. Tatu, kipande kipi kipate mbolea ipi iamuliwe kwa kura, si kwa macho wala matakwa ya mtafiti. Aidha, alipinga mazoea ya kubadilisha jambo moja tu kila mara. Alionyesha kwamba mambo kadhaa yanaweza kujaribiwa pamoja, na kwa njia hiyo mtafiti huona pia jinsi yanavyosaidiana au kupingana.

Mfano wake mashuhuri ni wa vikombe vya chai. Mtu anadai kwamba anaweza kutambua kwa ulimi kama maziwa yalitangulia au chai ilitangulia. Apewe vikombe 8, vinne vya kila namna, vikiwa vimepangwa kwa kura. Ziko njia 70 za kuchagua vinne katika vinane. Basi, anayebahatisha tu ana nafasi moja katika 70 ya kupatia vyote. Kura ndiyo inayotuwezesha kufanya hesabu hiyo.

Kutoka shambani hadi wodini

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dawa ya streptomaisini ilikuwa mpya, na Uingereza ilikuwa nayo kidogo mno. Haikuwezekana kuwapa wagonjwa wote wa kifua kikuu. Mtakwimu Austin Bradford Hill na wenzake waliona kwamba, maadamu dawa haitoshi, ni haki kugawa kwa kura na kujifunza kutokana na mgawo huo. Wagonjwa 55 walipewa dawa na mapumziko ya kitandani. Wengine 52 walipewa mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa tiba ya kawaida. Majina ya makundi yaliwekwa ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asiweze kuwachagulia dawa wale aliotaka. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Jaribio hilo hilo lilifichua pia kwamba vijidudu huzoea dawa ikitumiwa peke yake.

Mkondo huo ulifika kwetu. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano wa watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza. Wakati huo tiba ya kawaida ilichukua miezi 18, na wengi waliiacha njiani. Majaribio yalionyesha kwamba tiba ya miezi sita, ikichanganywa na rifampisini au pirazinamaidi, huponya vizuri na ugonjwa huwarudia wachache. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Tiba fupi inayotumika duniani leo ina mizizi yake, kwa sehemu kubwa, katika wodi hizo.

Kongwa: mahali ambapo jaribio halikutangulia

Historia hii ina upande wake wa pili. Mwaka 1946 wajumbe watatu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki na Kati kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha wakapendekeza kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, shabaha ikiwa ekari 150,000 katika mwaka huo wa kwanza. Hapakutangulia shamba la majaribio la kupima udongo na mvua kwa misimu kadhaa. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama matofali, majembe yakavunjika, na mvua zikakosekana, jambo ambalo Wagogo walilijua tangu zamani. Mpango ulikomeshwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Vipande vichache vya shamba vilivyopangwa vizuri vingeweza kutoa onyo hilo kwa gharama ndogo sana.

Kiwanda na jiko

Viwandani, Walter Shewhart wa Marekani alibuni mwaka 1924 chati ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya bidhaa na yale yenye chanzo maalumu. Mwaka 1950 W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi wa Japani njia hizo. Katika nishati, mfano ulio karibu nasi ni jiko la mkaa lenye kauri ndani, lililoenea Kenya katika miaka ya 1980. Waliolipima walitambua kwamba kuchemsha maji maabara ni jambo moja, na kupika ugali na maharage katika jikoni la mtu ni jambo jingine. Ndiyo maana yapo majaribio ya namna zote mbili.

Istilahi zinazotatiza

Sasa turudi kwa mfasiri. Neno moja la Kiingereza hutumika kwa mbolea iliyotiwa shambani na kwa dawa aliyopewa mgonjwa. Kulifasiri kila mahali kuwa "matibabu" ni kuifanya mihindi iwe wagonjwa. Kwa shamba na kiwanda tunaona "kitendewa" hakifai pia, kwa kuwa hutaja kinachotendewa. "Utendewaji", au hata kutaja tu mbolea au joto linalohusika, ni wazi zaidi.

Neno jingine ni lile ambalo kiwandani ni "udhibiti", kama katika udhibiti wa ubora. Wodini maana yake ni kulinganisha. Anayeandika "kundi dhibiti" humfanya msomaji adhani kuna wagonjwa waliofungiwa. "Kundi linganishi" husema kweli.

"Kosa" nalo hubeba lawama. Tofauti kati ya vipande viwili vilivyotiwa mbolea ile ile si kosa la mtu yeyote, ni "hitilafu". Vile vile, "nasibu" isichanganywe na "ovyo". Anayepiga kura hafanyi ovyo. Anafuata utaratibu mkali, na msomaji wetu ameshaizoea maana hiyo katika bahati nasibu.

Lenye hatari zaidi ni kuita tokeo "muhimu" pale ambapo mtakwimu amesema tu kwamba ni vigumu kulieleza kwa bahati. Mbolea inaweza kuongeza mavuno kwa debe moja tu katika ekari kumi, na tokeo hilo likawa thabiti kitakwimu. Mtumishi wa serikali akisoma kwamba ni "muhimu", atainunua kwa nchi nzima. Tunapendekeza "thabiti kitakwimu", na neno "muhimu" liachiwe maana yake ya kila siku.

Mwisho ni "jaribio" lenyewe. Kiswahili kimetenga vizuri "majaribio" na "majaribu", lakini mgonjwa anayeambiwa kwamba "atajaribiwa dawa" husikia yote mawili. Ni haki yake kuambiwa kwamba anaombwa kushiriki katika utafiti, kwamba kundi lake litaamuliwa kwa kura, na kwamba anaweza kukataa. Fomu ya ridhaa iliyofasiriwa vibaya haina ridhaa ndani yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba njia ile ile iliyopima ngano ilikuja kupima dawa, bidhaa na majiko. Kwa hiyo kamati za istilahi za kilimo, tiba, uhandisi na takwimu hazina budi kukaa pamoja, kila dhana ipewe jina moja, na kila jina libebe dhana moja. Walimu na wafasiri ndio watakaoyapima majina hayo katika matumizi, na kwao maoni ni jambo la lazima kabla istilahi hazijapitishwa.