Joto Lililopotea Hewani

Kovu la mkono wangu wa kushoto ni la ekzosi ya pampu. Nilikuwa darasa la tano, nimetumwa nimpelekee mjomba chai shambani, hapa Hewani kando ya Mto Tana. Nikateleza kwenye tope, nikashika bomba. Mjomba akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye maji baridi yaliyokuwa yakitoka pale pale kwa pampu.

Siku hizo ukitaka kuchaji simu ulimpa mtu wa pikipiki aipeleke Garsen, na ulilipa. Na huku bomba limeiva kutwa nzima! Injini ya dizeli hugeuza kama theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Nyingine kubwa hutoka na moshi.

Wenzetu walishaligundua jambo hili zamani. Mwaka 1821, Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili, akapasha moto kiungo kimoja, sindano ya dira ikasogea. Yeye alidhani ni usumaku. Kumbe ni umeme, unaozaliwa upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi. Miaka ya 1950 Muungano wa Sovieti ukatengeneza taa ya chemni yenye vipande vya namna hiyo vimezungushwa juu yake, na joto la taa likaendesha redio katika vijiji visivyo na stima. Taa ya mafuta, jamani, kama zile zetu. Vyombo vya Voyager, vilivyorushwa 1977, navyo vinapata umeme kwa njia hiyo, ila joto lake linatoka kwa plutoniamu.

Niliyasoma haya mwaka wa pili chuoni, kabla karo haijanishinda. Nikapiga hesabu ya pampu yetu ya nguvu za farasi 5. Moshi wake hubeba joto la kama kilowati 3.7. Ukinasa nusu, na vipande vikageuza asilimia 5, unapata kama wati 90. Hizo ni simu kumi na tano kwa mpigo. Na ule upande wa baridi, si ni maji yenyewe ya pampu?

Kinachouma zaidi ni kwamba mto huu una stima. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988: yote yako huko juu, kwenye Tana hii hii. Maji yanatufikia yameshafanya kazi ya wengine, nasi tunanunua dizeli kuyapandisha shambani.

Nilimweleza mjomba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hivyo vidude vinauzwa wapi, mjomba?" Huniita hivyo, nami namwita hivyo.

Nikamwambia ni vya kuagiza ng'ambo, na kwa wati hizo hizo paneli ya sola ni rahisi zaidi. Akanunua paneli. Ameifunga juu ya kibanda cha pampu, majirani wanachaji bure. Chini yake injini bado inanguruma.