Msimbo Huria na Gharama ya Kuona: Historia Fupi ya Uchanganuzi wa Data za Wanafunzi katika Jukwaa la Open edX

Mapema mwaka 2012, chuo cha MIT nchini Marekani kilitoa kozi ya saketi na elektroniki kupitia intaneti bila malipo. Waliojiandikisha walikaribia 155,000; waliofaulu walizidi kidogo 7,000. Je, hao wengine walikwamia wapi? Insha hii inajadili namna uwezo wa kujibu swali hilo ulivyobaki kwa wenye mitambo mikubwa, hata baada ya msimbo wa jukwaa kuwa huria. Hoja kuu ni kwamba uhuru wa msimbo haukuzaa uhuru wa kuona hadi gharama ya uchanganuzi iliposhuka.

Shirika la edX liliundwa na MIT na Harvard mwezi Mei 2012, na mwezi Juni 2013 likaachilia msimbo wake. Tangu hapo chuo chochote kingeweza kusakinisha jukwaa hilo katika seva zake. Jukwaa liliandika kila tendo la mwanafunzi: kufungua ukurasa, kucheza video, kujibu swali. Kumbukumbu hizo zilipatikana kwa wote. Kuzisoma lilikuwa jambo jingine.

Chombo cha kuzisoma kiliitwa Insights. Msimbo wake nao ulikuwa huria, lakini ulitegemea Hadoop, mfumo unaogawa kazi kwa kundi la kompyuta zinazoshirikiana. Muundo huo ulilifaa shirika lenye mamilioni ya wanafunzi. Kwa chuo chenye mamia kadhaa, ulikuwa mzigo. Aidha, aliyetaka ripoti mpya alilazimika kurekebisha programu tatu tofauti: ya kuchakata kumbukumbu, ya kupitisha matokeo na ya kuyaonyesha. Hivyo basi, mhadhiri aliishia kuuliza maswali ambayo wasanifu walikuwa wamekwisha kuyafikiria.

Mabadiliko yalitokana na vyanzo kadhaa. Mwaka 2016 ilitolewa huria hifadhidata ya ClickHouse, inayohifadhi data kwa safuwima. Swali kuhusu sifa moja husoma safuwima husika tu, na seva moja yaweza kupitia mamilioni ya matukio kwa muda mfupi. Superset, iliyoanzia Airbnb mwaka 2015, ilimwezesha mtafiti kuunda chati zake bila kugusa msimbo wa jukwaa. Programu ya Tutor nayo ilirahisisha usakinishaji, na nyongeza yake iitwayo Cairn ikaviunganisha vyombo hivyo viwili. Mwaka 2021 kampuni ya 2U iliinunua edX kwa dola milioni 800, na fedha hizo zikaenda kwa shirika lisilo la faida, ambalo sasa huitwa Axim Collaborative. Chini ya uangalizi wake ulijengwa mfumo wa Aspects, unaotumia ClickHouse, Superset na kiwango cha xAPI cha kueleza matukio ya kujifunza. Kwa kawaida mfumo huo hauonyeshi utambulisho wa mwanafunzi mpaka msimamizi aamue hivyo.

Hata hivyo, unafuu si ufahamu. Video iliyosimamishwa katikati yaweza kuashiria tafakuri, uchovu au kukatika kwa umeme. Kumbukumbu huandika tendo, haiandiki sababu. Mafanikio yaliyopatikana ni kwamba mhadhiri wa chuo kidogo sasa aweza kuunda swali lake mwenyewe. Kulifasiri jibu kungali jukumu lake.