Kadi za salamu zilitoka wapi, na kwa nini tumeagiza za kwetu

Mwezi huu zamu ya kuandika historia imetuangukia sisi wa kikundi cha uchoraji. Wenzetu walishaandika juu ya vita na mipaka. Sisi tumechagua kadi ya salamu, ile ya kukunja. Msicheke kwanza.

Sababu ni hii. Miaka miwili iliyopita alikuja mgeni mmoja kwenye darasa letu la Jumamosi, akawagawia watoto karatasi na rangi, akasema wachore nyumbani kwao. Watoto walichora kwelikweli: ziwa, mitumbwi, mihogo imeanikwa juu ya mwamba, kanisa la bati jekundu. Akakusanya yote, akashukuru, akaenda zake. Miezi ikapita. Siku moja mwenzetu akaona kwenye simu kadi zinauzwa nje, na juu ya moja kuna mtumbwi tunaoujua wote, wenye makasia matatu upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu. Nyuma wameandika tu kwamba ni mchoro wa mtoto mkimbizi. Jina hakuna. Pesa haikurudi, na hata kadi moja ya kumwonyesha mwenyewe haikuletwa. Yule mtoto alituuliza, "Kaka, ule wangu uko wapi?" Tulikosa jibu. Ndipo tukaanza kutafuta: hizi kadi zilianzaje, na tangu zamani nani alikuwa anakula faida?

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapwa kwa kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Mwenyewe aliitwa Henry Cole, mtumishi wa serikali. Miaka mitatu kabla, 1840, Uingereza ilikuwa imeanzisha posta ya bei moja, barua nyepesi kwa peni 1 popote nchini, na Cole alikuwa mmoja wa waliosaidia jambo hilo. Sasa posta ikawa rahisi, watu wakaandikiana sana, na yeye akazidiwa na barua za kujibu. Akamwomba rafiki yake mchoraji, John Callcott Horsley, amtengenezee mchoro mmoja wa kutuma kwa wote. Zikachapwa nakala 1,000 hivi, rangi zikapakwa kwa mkono, na zile ambazo hakuzihitaji zikauzwa kwa shilingi 1 moja moja. Shilingi ya wakati ule ilikuwa peni 12, yaani kadi moja ilikuwa na bei ya kutuma barua 12. Maskini hakununua. Watu wengine walikasirika pia kwa sababu mchoro ulionyesha familia inakunywa divai na mtoto anaonjeshwa. Lakini pembeni Horsley alikuwa amechora watu wanaolisha na kuvisha wahitaji, hiyo hawakuisema sana.

Huyo Cole hatukumpenda wala kumchukia. Aliyetushika ni mtu mwingine, Louis Prang, na tunashangaa shuleni hakuna aliyetuambia habari zake. Alizaliwa mwaka 1824 Breslau, mji uliokuwa wa Prussia na leo uko Poland kwa jina la Wrocław. Baba yake alikuwa mtu wa viwanda vya nguo, na kijana alijifunza kwake kutia rangi na kuchapa vitambaa. Mwaka 1848 Ulaya iliwaka mapinduzi. Prang akajiingiza, serikali ikamtafuta, akakimbia hadi Uswisi, na mwaka 1850 akafika Marekani. Yaani mkimbizi, kama mimi na wewe, na ufundi wake kichwani.

Alikaa Boston na kufanya kazi ya kuchapa kwa mawe. Tuwaeleze kidogo, maana sisi wenyewe tulibishana usiku mzima. Unachukua bamba la chokaa lililosuguliwa laini, unachora juu yake kwa kitu chenye mafuta, kisha unalilowesha maji. Unapopitisha wino, penye mchoro unashika, penye maji unakataa. Unalaza karatasi, unagandamiza, mchoro unahamia. Lakini jiwe moja ni rangi moja tu! Ukitaka nyekundu, jiwe lake. Bluu, jiwe lake. Na karatasi lazima irudi palepale kila mara bila kusogea hata unywele. Picha za Prang zilikuwa zikipita kwenye mawe mengi, nyingine hata zaidi ya 20. Fundi akisogeza kidogo, pua ya mtu inahamia shavuni.

Mwaka 1873 alianza kutengeneza kadi za Krismasi za kuuza Uingereza, mwaka uliofuata akaziuza Marekani kwenyewe. Halafu mwaka 1880 akafanya jambo ambalo sisi tulilisoma mara mbili: alitangaza mashindano ya wazi ya michoro ya kadi. Zawadi ya kwanza dola 1,000, ya pili 500, ya tatu 300, ya nne 200. Kwa pesa za wakati ule si mchezo. Mshindi wa kwanza alikuwa mwanamke, Rosina Emmet, na jina lake likajulikana. Kumbe inawezekana! Mchapaji anaweza kusema huu mchoro ni wa fulani, nimemlipa kiasi hiki, na biashara isife. Baadaye kweli Prang aliachana na kadi, lakini kilichomwondoa ni kadi za bei rahisi zilizoingia kutoka nje. Wachoraji hawakumfilisi.

Sasa tuje kwa mtoto. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, UNICEF, iliyoanzishwa Desemba 1946, ilipeleka msaada wa chakula kwenye nchi zilizoharibika. Katika kijiji kimoja cha Czechoslovakia msichana wa miaka 7, Jitka Samková, alichora watoto wanacheza kuzunguka mti mrefu wenye shada juu. Karatasi hazikuwepo, akachora juu ya kipande cha kioo. Mwalimu wake akautuma mchoro kuwa shukrani. Mwaka 1949 UNICEF ikautoa kuwa kadi yake ya kwanza ya salamu, na biashara ya kadi ikawaletea fedha za kazi yao kwa miaka mingi. Sisi hatusemi juu ya mapatano yao na yule mtoto. Tunasema tu kwamba imepita zaidi ya miaka 70, sisi tuko Uganda, na bado tunajua anaitwa Jitka.

Kuna pia wachoraji wanaotumia mdomo na miguu. Mjerumani Arnulf Erich Stegmann, aliyepooza mikono tangu utotoni kwa polio, aliwakusanya wenzake wa nchi kadhaa za Ulaya mwaka 1956 wakaunda chama chao. Kadi wanazitoa kwa michoro yao, chama ni mali yao wenyewe. Tukakubaliana kufuata hiyo njia.

Na si kwamba huku kwetu hakukuwa na kadi. Wakubwa wetu waliotoka Bukavu wanakumbuka zile za maganda makavu ya mgomba, mwanamke na mtungi kichwani, zimekatwa kwa wembe na kugandishwa moja moja. Hizo hazihitaji mashine. Lakini kadi 100 kwa mkono ni kazi ya mwezi, na sisi tulitaka rangi za watoto zibaki zilivyo.

Hapo tulijidanganya. Agizo la kwanza tulipeleka kwa mchapaji mmoja mjini Mbarara, picha tumezipiga kwa simu jioni, tukazituma kwa WhatsApp. Ziliporudi, ziwa lilikuwa kijivu na kichwa cha ng'ombe kimekatwa. Tulilalamika, lakini kosa lilikuwa letu zaidi. WhatsApp inaibana picha inapungua. Skrini ya simu inatoa rangi kwa mwanga, mashine inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo bluu kali ya simu wino hauifikii. Na pembeni lazima uache milimita 3 za mchoro za kuliwa na kisu. Safari ya pili tuliskani michoro, tukabeba mafaili kwenye flashi, tukaomba nakala moja ya kuangalia kabla ya kulipa zote. Mzee wa mashine akatuambia, "Wanangu, mngekuja hivi tangu mwanzo."

Nakala ile iko mezani tunapoandika. Karatasi nzito, inakunjika vizuri, bluu bado imepoa kidogo lakini ni ziwa.

Kazi iliyotuchelewesha ilikuwa upande wa nyuma. Tulidhani kila mtu atataka jina lake kamili, baada ya yale yaliyotokea. Mama mmoja alikataa kabisa. Alisema kuna watu nyumbani ambao hataki wajue mwanawe yuko wapi, na kadi inatembea kuliko mtu. Hatukuwa tumeliwaza hilo. Tulikaa na wazazi Jumamosi mbili. Mwisho kila mtoto aliandika mwenyewe kwa kalamu kile anachotaka kiwe nyuma, mzazi akaona, na pesa ya kila kadi itaandikwa kwenye daftari chini ya jina lilelile. Saba waliandika jina kamili. Wawili jina la kwanza tu. Mmoja alichora jani.

Yule wa mtumbwi amechora mwingine mpya. Tulimwuliza kama anataka kuongeza makasia upande wa pili, akasema hapana, baba yake alikuwa anakaa upande ule na makasia yake aliyashika yeye mwenyewe, ndiyo maana hayaonekani. Tumeagiza kadi 100 za mchoro huo.